Kondoo na cherehani ukiwa na miaka 68: anza na dume

Swali: Daktari, mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Kinangop, nina miaka 68. Marehemu mume wangu aliniachia kondoo, na sasa wamefika 41 pamoja na wadogo. Wengi ni Corriedale, kondoo wa sufu na nyama, waliochanganyika. Nilipostaafu nilijifunza kushona mifarishi ya viraka, na leo nina wateja Naivasha na Nairobi. Oda nyingi huja kuelekea Krismasi. Shida ni kwamba kondoo wanazaa kila mwezi, hivyo sipati hata nusu siku kwenye cherehani bila kuitwa zizini. Goti la kulia linauma, na jioni sioni tundu la sindano. Watoto wangu wananiambia mshika mbili moja humponyoka, niuze kondoo wote. Sitaki kuwauza wote, na kushona siwezi kuacha. Nifanyeje?

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Watoto wako wanakuonea huruma, na methali waliyokutajia ni ya kweli kwa mtu anayeshika vitu viwili kwa saa moja. Wewe unavishika kwa saa moja kwa sababu ambayo umeitaja mwenyewe kana kwamba ni jambo dogo: kondoo wanazaa kila mwezi. Nimetibu kondoo wa Nyandarua na Laikipia muda mrefu, na nyumbani kwangu nina meza ya kushonea isiyoondolewa viraka, kwa hiyo swali lako limenigusa pande zote mbili. Sioni sababu ya kuuza kondoo wote. Naona sababu kubwa ya kumtoa dume zizini.

Wafugaji wengi wa kwetu humwacha dume akae na majike mwaka mzima. Ulaya jua lenyewe huwapangia kondoo, maana mchana ukipungua urefu ndipo majike hutaka dume. Sisi tuko kwenye ikweta, mchana ni ule ule, na jike mwenye afya hurudi kwenye joto kila baada ya siku 17 hivi, mwezi wowote. Dume akiwepo, mimba ipo. Basi leo anazaa huyu, wiki ijayo yule, na kila uzazi unakuja na kazi zake: kitovu kipakwe iodini, mwana anyonye maziwa ya kwanza, kukata mkia, kuhasi, dawa, kumwachisha. Kazi hizo zikimwangukia kila mwana kwa tarehe yake, mwaka mzima huna wiki iliyo yako. Wakizaliwa pamoja, unazifanya kwa mkupuo mmoja na kuzimaliza.

Mimba ya kondoo huchukua siku 147 hivi, pungufu kidogo ya miezi mitano. Dume akiingia kwa majike tarehe 1 Oktoba na kutoka tarehe 5 Novemba, atakuwa amekaa nao siku 35, yaani mizunguko miwili ya joto. Aliyekosa mara ya kwanza anapata nafasi ya pili. Wana watazaliwa kuanzia mwisho wa Februari hadi mwanzo wa Aprili, siku chache mbele au nyuma. Mwezi na kidogo wa kukosa usingizi, halafu basi.

Nimeichagua Oktoba kwa sababu ya Kinangop yenu hasa. Februari na Machi ardhi bado ni kavu, kwa hiyo mwana anapata miguu kabla ya matope. Mama hufikia kilele cha maziwa wiki ya tatu au ya nne baada ya kuzaa, na hapo ndipo mvua za masika zinaleta nyasi changa. Ikifika Julai, na ule ukungu na manyunyu unayoyajua kuliko mimi, wana wana miezi mitatu na zaidi na wanaweza kuistahimili baridi. Mwana anayezaliwa Julai huko juu mara nyingi hufa kwa nimonia, na unakuwa umempoteza yeye na usingizi wako pia.

Mpango huu una gharama yake, nayo ni malisho ya Januari na Februari. Sehemu kubwa ya uzito wa mwana huongezeka wiki sita za mwisho za mimba, na kwako wiki hizo zitaangukia kiangazi. Jike mwenye mapacha akikosa chakula cha kutosha hapo huanza kuyeyusha mafuta ya mwili wake, anazubaa, anajitenga na wenzake, mwisho anaanguka asiinuke. Kwa hiyo weka akiba ya marobota ya nyasi au oti mapema, wakati bei ni nzuri, na ongeza pumba kidogo kila siku kwenye hori. Usiwape kondoo chumvi wala chakula ambavyo vimetengenezwa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa. Mara nyingi vimeongezwa madini ya shaba, na kondoo hudhuriwa na shaba kwa kiasi ambacho ng'ombe hakisikii kabisa. Kwa sababu hiyo hiyo, ukitaka kuosha kwato za wenye kuoza miguu, tumia salfeti ya zinki badala ya mrututu, ambao ni salfeti ya shaba.

Sasa angalia mwaka unavyokufungukia. Aprili yote bado uko zizini. Juni unaachisha wana, na kuanzia hapo hadi Septemba kondoo wanahitaji mtu wa kuwapeleka malishoni na jicho la kuwakagua, si zaidi. Hiyo ndiyo miezi ya baridi, ya kukaa ndani, na ndiyo miezi ya kushonea oda za Krismasi. Mteja anayetaka mfarishi wa Desemba aambiwe aagize kabla ya mwisho wa Agosti. Septemba, baridi inapolegea, unaita wakata manyoya, wanamaliza kundi lako kwa siku moja. Oktoba dume anaingia, naye hahitaji msaada wako. Oktoba na Novemba unamalizia mapindo. Desemba wana dume uliowahasi wana miezi tisa na soko la Krismasi linawataka. Ukiwauza, fedha hizo ndizo zinunue malisho ya Januari.

Mpango wote unaweza kuvunjwa na kosa dogo. Mwana dume asiyehasiwa anaweza kupandisha akiwa na miezi minne au mitano tu, na utashangaa Novemba kuona mwana aliyezaliwa bila mpango wa mtu. Wahasi wote kwa mpira katika wiki ya kwanza, na usibakize hata mmoja kwa kuwa ni mzuri. Dume mkubwa naye anahitaji zizi lake lenye uzio wa kweli, na mwenzake wa kukaa naye, kwa mfano mmoja wa waliohasiwa, kwa maana kondoo wa peke yake hulia, hula vibaya na huvunja uzio. Mbadilishe kila baada ya miaka miwili asije akapanda binti zake. Na tafadhali sana, usimpe mgongo kamwe, hata kama ulimlea kwa chupa. Nimeshaona nyonga zilizovunjwa na dume mpole, na katika umri wetu nyonga iliyovunjika hubadilisha maisha ya mtu yote.

Kuhusu idadi, watoto wako wana haki kidogo. Arobaini na mmoja ni wengi kwa goti hilo. Mimi ningebaki na majike 15 wa kuzaa, nikichagua kwa mkono wala si kwa mapenzi. Fungua mdomo: kondoo wa miaka minne ana meno manane mbele, yamekaa sawa. Aliyeanza kuyapoteza hawezi kukata nyasi fupi za kiangazi, na ndiye atakayeanguka Februari. Papasa kiwele, ukikuta uvimbe mgumu jua upande huo hauna maziwa. Aliyeoza kwato mara kwa mara aende. Aliyekataa mwanawe mwaka jana aende. Najua baadhi yao walichaguliwa na marehemu mwenyewe, na hilo si jambo la kupuuza. Chagua wawili au watatu wa ukoo ule aliouthamini, uwaweke kwenye hao 15, na ukoo wake utaendelea kwa binti zao. Kama kuuza wengine kunakuuma, wapo majirani vijana wenye nyasi lakini hawana mtaji. Unaweza kuwapa majike wachache kwa makubaliano ya kugawana wana, yakaandikwa na kutiwa sahihi mbele ya shahidi.

Wengine watakushauri ubadilishe wote uchukue Dorper, kwa kuwa hao hawahitaji kukatwa manyoya. Dorper ni kondoo mzuri wa nyama. Alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa nchi kavu, na anastawi Laikipia na Kajiado. Kwenye ukungu wa Kinangop, Corriedale wako ana koti linalomfaa. Tena wewe ni mshonaji, na kuhusu manyoya hayo nina la kukuambia mbele kidogo.

Goti sasa. Jike mzima wa aina hiyo ana kilo 50 na kuendelea, na kumkimbiza zizini, kumkamata mguu na kumpindua ni kazi ya kijana. Mwambie fundi akujengee ujia mwembamba kando ya zizi, upana wa kondoo mmoja asiyeweza kugeuka, wenye lango kila mwisho. Nguzo za mikaratusi na mabanzi zinatosha. Kondoo wakiingia wanajipanga wenyewe, na wewe unapita nje ukiwa umesimama, unawanywesha dawa, unatazama macho, unasoma namba za hereni zao. Hori liinuliwe usiiname. Na kwa zile wiki tano za kuzaa, ajiri mtu wa usiku. Huo ndio mshahara wa maana kuliko yote utakayolipa mwaka mzima.

Kwenye ujia huo fanya jambo moja kila wiki mbili wakati wa mvua, na kila mwezi wakati wa kiangazi. Weka kidole gumba juu ya kope la juu, lisukume jicho ndani taratibu, kisha kwa kidole kingine vuta kope la chini. Utaona ngozi laini ya ndani. Ikiwa nyekundu iliyoiva, mwache aende. Ikiwa waridi iliyofifia, mkumbuke. Ikiwa nyeupe kama karatasi, ana minyoo inayonyonya damu tumboni na anaweza kufa wiki hiyo hiyo, mara nyingi akiwa na uvimbe wa maji chini ya taya. Watafiti wa Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi tano kwa kazi hii, iitwayo FAMACHA, muulize afisa mifugo wako. Tibu waliopauka pekee. Unapunguza kazi, unapunguza gharama, na dawa haizoeleki kwa minyoo upesi. Ifanye kazi hii mchana kwenye mwanga mzuri, ukiwa na miwani.

Kabla ya kuingia chumba cha kushonea, nikukumbushe jambo la afya, kwa sababu unashona vitu ambavyo watu watalalia na watoto wachanga watafunikwa. Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931, kutokana na kondoo wa shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, hapo chini ya mteremko wenu. Hulipuka baada ya mvua kubwa zenye mbu wengi, na dalili yake ni majike wengi kutupa mimba kwa pamoja na wana kufa ovyo. Ukiona hivyo usiguse kitu kwa mkono mtupu, usichinje, usile, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Hata bila homa hiyo, vaa glavu kila unaposaidia jike kuzaa. Vidonda vya mdomoni vya wana pia huambukiza vidole vya mtu, na kidole chenye kidonda hicho hakishiki sindano kwa wiki kadhaa. Mabuti na koti la zizini vibaki nje ya mlango, mikono ioshwe kwa sabuni hadi kwenye viwiko, ndipo uguse kitambaa.

Umesema jioni huoni tundu la sindano. Mwalimu, nenda ukapimwe macho mwezi huu, usingoje. Inaweza kuwa miwani tu, na inaweza kuwa mtoto wa jicho, ambao upasuaji wake ni mfupi na huwarudishia watu wa umri wako kazi zao. Ukipimwa, mwambie daktari kwamba unashona, na upime kwa rula umbali kutoka jicho hadi kwenye sindano ya cherehani yako. Miwani ya kusoma gazeti haikutengenezwa kwa umbali huo, na wengi huumwa shingo kwa kuusogelea mshono bila kujua kisa ni lenzi.

Kisha gawa kazi za kushona kwa uzito wake. Kukata na kuunga viraka ndiko kunakohitaji jicho. Ukizidisha mshono wa robo inchi kwa moja ya kumi na sita ya inchi tu, kila mshono unakula moja ya nane ya inchi, kwa kuwa umekula pande mbili. Mfarishi wenye mishono 16 kwa upana unarudi umepungua inchi mbili, na viraka vyako vya pembeni havikutani tena. Kosa hilo halitokani na kutojua. Linatokana na mtu aliyetoka zizini amechoka, akaketi kwenye taa ya jioni akitaka kufidia muda. Kwa hiyo unga viraka asubuhi, kati ya saa tatu na saa sita, cherehani ikiwa ubavuni mwa dirisha. Alasiri fanya yasiyohitaji jicho kali: kupiga pasi, kupiga bandi, kufumua, kupanga rangi. Osha vitenge vyote kabla ya kukata, hasa vyekundu na vya buluu iliyokolea, visije vikachuja kwenye cheupe cha mteja.

Goti na mgongo vinaumizwa pia na uzito wa mfarishi wenyewe. Mfarishi wa kitanda kikubwa ukiupitisha mzima chini ya cherehani ni sawa na kumvuta kondoo. Ushone vipande vipande: kila mraba wa inchi 12 au 15 uuweke ujazo na bitana yake, uushone kabisa juu hadi chini, halafu uunge miraba iliyokamilika na kufunika viungo kwa utepe wa kitambaa nyuma. Mraba mmoja unakaa mapajani. Unaweza kwenda nao hata malishoni ndani ya mfuko safi, pamoja na subana na sindano mbili zilizokwisha tiwa uzi nyumbani. Inuka kila nusu saa utembee hadi mlangoni, goti likigandamana kwenye kiti ndipo linapouma usiku.

Sasa manyoya. Wafugaji wengi huyauza kwa bei ya kutupa au huyaacha yaoze. Wewe unanunua ujazo wa poliesta dukani huku sufu ikilala kwenye gunia ghalani. Huko Wales, nchi ya kondoo na ya mvua kama kwenu, wanawake wa mashambani walijaza mifarishi yao kwa sufu, hata ile waliyookota kwenye vichaka na nyua kondoo walipopita. Sufu hukaa na joto bila uzito, na hunyonya unyevu wa mwili bila kumfanya mtu ahisi ameloa.

Lakini kuiosha ni kazi nzito, na sitakudanganya. Tupa kwanza sehemu za tumbo na za nyuma zenye mavi. Loweka iliyobaki kwenye maji ya moto ya nyuzi 60 hivi yenye sabuni, kidogo kidogo, kwa dakika 20, bila kuisugua wala kuikoroga. Ukiisugua inashikana na kuwa kama mkeka, na haifumuki tena. Suuza kwa maji ya moto ule ule, maana maji baridi ya ghafla yataishikanisha vile vile. Yote hayo abebe kijana, wewe usimamie. Itapoteza uzito mwingi, pengine karibu nusu, kwa mafuta na vumbi. Ikikauka ichanwe kwa vichanio vya waya hadi ilainike, itandazwe kati ya vitambaa viwili vyepesi vya marikani ili nywele zisitokeze juu, na mishono ya kushikilia isipishane zaidi ya upana wa kiganja. Mfarishi wa kitanda cha watu wawili unataka kilo moja hadi moja na nusu ya sufu safi. Ningekushauri utengeneze wa sufu miwili au mitatu tu kwa mwaka, kwa wateja wanaoelewa, bei yake iwe juu ya ile mingine kwa wazi, na kila mnunuzi aambiwe auoshe kwa maji ya uvuguvugu bila kusugua na kuuanika mara kwa mara nondo wasiingie. Mingine endelea na poliesta au pamba.

Tuko Juni. Mtenge dume wiki hii. Majike waliokwisha shika mimba wataendelea kuzaa hadi Novemba, na wale watakaozaa Septemba kuendelea hawatakuwa tayari kwa dume wa Oktoba. Usiwalazimishe, waache wapumzike hadi Oktoba ya mwaka ujao. Maana yake msimu wako wa kwanza utakuwa na wana wachache, na mtu atakuambia mpango umeshindwa. Haujashindwa, msimu wa pili ndio utakaokaa sawa. Kwa Krismasi hii bado utaitwa zizini, kwa hiyo pokea nusu ya oda ulizopokea mwaka jana, na hao wengine waandike kwenye daftari kwa ajili ya mwakani. Ukishachagua majike wako 15, niandikie umri wa meno yao na rangi za kope, nikusaidie kuamua wale uliosita juu yao.